Kabla hujapanda meli ya Nansio na faili la p12

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mifumo hapa Mwanza, siku utakayotumwa kuweka vyeti vya kidijitali, vinavyoitambulisha simu kwa seva ya kazini, kwenye simu za makarani wa dagaa, lijaribu faili la p12, lile linalobeba cheti na ufunguo wake, kwenye simu ya aina ileile ukiwa bado Kirumba. Mimi sikujaribu. Nilivuka hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, nikaketi na karani pembeni ya mzani wake, nikaandika neno la siri la faili mara nne, na simu ikashikilia kwamba nimekosea. Yule mama akaanza kunitazama kama mtu anayehangaika kufungua simu ya wizi.

Neno lilikuwa sahihi. Tatizo lilianzia kwenye kompyuta yangu: OpenSSL 3, programu ya kutengeneza vyeti iliyotoka 2021, hulifunga faili la p12 kwa usimbaji wa AES-256, na simu nyingi za zamani hazijui kulifungua. Zenyewe hazisemi hivyo, zinasingizia neno la siri. Ukiongeza -legacy kwenye amri ya kulitengeneza, linapokelewa. Ila ulinzi wake ni dhaifu na ndani mna ufunguo binafsi, kwa hiyo usilirushe WhatsApp, na ukishasakinisha ulifute.

Android itakudai kwanza uweke PIN ya skrini. Kisha chagua cheti cha VPN na programu, siyo cha CA, yaani cha mamlaka inayotoa vyeti. Hapo wengi hupotea. Kwenye iPhone tumia kivinjari cha Safari, usibishane nayo.

Kinachosumbua zaidi ni pale Chrome isipouliza cheti kabisa, na nginx, programu inayoendesha seva, inarudisha kosa la 400. Usikimbilie kusakinisha upya. Seva hutaja majina ya mamlaka inazoziamini, na kivinjari huficha cheti chochote kisichotokana nazo. Basi kagua ssl_client_certificate, mpangilio wa mamlaka hizo kwenye seva; mimi niliwahi kuacha humo mamlaka ya majaribio, nikapoteza asubuhi nzima nikiilaumu simu. Na kama karani aligusa Ghairi kwa bahati mbaya, kifunge kivinjari kabisa, maana hukumbuka jibu hilo. Angalia na tarehe: simu iliyorudi nyuma miaka mitatu hukiona cheti cha seva kama hakijaanza kutumika.

Kila simu ipewe cheti chake, hata bosi akisema kimoja kinatosha. Simu za mwaloni huzama. Ikizama, au ikiibwa, unabatilisha hicho kimoja, unaweka orodha mpya ya vyeti vilivyobatilishwa kwenye mpangilio wa ssl_crl, halafu unaipakia upya nginx, kwa sababu haiisomi yenyewe. Makarani wengine wanaendelea kupima dagaa.