Maswali ya Wasomaji: Njia ya mwanamke hadi kiti cha Jaji Mkuu

Tulipoandika kwa ufupi kuhusu Siku ya Kimataifa ya Majaji Wanawake, ambayo huadhimishwa Machi 10 kila mwaka tangu 2022, barua zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na majibu tumeyatoa kwa Kenya au Tanzania kulingana na anakotoka aliyeuliza.

Hamjambo wahariri. Hapa sokoni tunabishana. Wenzangu wanasema Martha Koome alipewa ujaji mkuu na Rais kwa sababu ni mwanamke. Mimi nasema alihojiwa kama wengine. Nani mkweli? (Msomaji, Kitui)

Wewe. Kwa Katiba ya 2010 Rais wa Kenya hachagui Jaji Mkuu. Hupelekewa jina na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, naye humteua mwenye jina hilo baada ya Bunge la Kitaifa kuidhinisha.

Mwaka 2021 mambo yalikwenda hivi. Nafasi ilibaki wazi Januari, David Maraga alipotimiza miaka 70, na naibu wake, Philomena Mwilu, akakaimu. Tume ikatangaza nafasi, ikapokea maombi, ikachapisha majina ya 10 walioitwa kuhojiwa. Watatu kati yao walikuwa wanawake: Koome, ambaye wakati huo alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, Profesa Patricia Kameri-Mbote na wakili Alice Yano. Mahojiano yalianza Aprili 12, kila mmoja na siku yake, na nchi nzima ikitazama kwenye runinga. Aprili 27 tume ikatangaza jina la Koome peke yake. Bunge likamwidhinisha Mei 19, akaapishwa Mei 21.

Hilo la jina moja lina historia. Mwaka 2015 wabunge walibadilisha sheria ili tume impelekee Rais majina matatu achague analolipenda. Mawakili wakaenda mahakamani, na 2016 Mahakama Kuu ikayafuta mabadiliko hayo.

Wenzako wa sokoni wangeuliza swali zuri zaidi: ni nani walioketi upande wa pili wa meza? Kifungu cha 171 kinaipa tume wajumbe 11, na nafasi kadhaa zimegawanywa kwa jinsia tangu mwanzo. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja huchaguliwa na wenzao, mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Mawakili wawili, vivyo hivyo. Wawakilishi wawili wa umma ambao si wanasheria, vivyo hivyo. Maana yake hata uchaguzi ukienda vipi, wanawake hawawezi kupungua 3. Kwa maoni yetu sharti hili limewafaa wanawake kuliko hotuba zote za usawa, kwa sababu linamgusa anayeuliza maswali na kupiga kura.

Nini huangusha waombaji? Kwanza, vyeti vya uadilifu. Huhitajika vya kodi, vya tume ya kupambana na ufisadi, vya polisi, vya mkopo wa elimu ya juu na vya chama cha mawakili. Mkopo wa chuo uliosahaulika miaka 20 ni aibu ya hadharani. Pili, hukumu zenyewe. Kanuni za kesi za madai Kenya hutaka hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika kusikilizwa, na jaji au hakimu mwenye rundo la hukumu zilizochelewa huulizwa juu ya rundo hilo, si juu ya falsafa yake ya haki.

Katiba ya Kenya inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Je, Mahakama ya Juu inatii? (Mwalimu wa Uraia, Nakuru)

Piga hesabu na wanafunzi wako. Mahakama ya Juu, iliyo juu ya zote Kenya, ina viti 7, vikiwemo vya Jaji Mkuu na naibu wake. Theluthi ya 7 ni 2.33, na kwa kuwa hakuna theluthi ya jaji, wanawake wanatakiwa wasipungue 3. Mahakama hiyo ilipoundwa 2011 walikuwa 2: Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu, na Njoki Ndung'u. Majaji watano wa kawaida walipopendekezwa, wanaume 4 na mwanamke 1, chama cha wanasheria wanawake FIDA Kenya kilifungua kesi. Kilishindwa Agosti 2011. Mahakama Kuu ilisema Kifungu cha 27 kinaipa Serikali wajibu wa kutunga sheria na kuchukua hatua ili lengo lifikiwe hatua kwa hatua. Hakimpi mtu haki ya kuusimamisha uteuzi siku hiyo hiyo.

Baraza alijiuzulu Oktoba 2012. Kalpana Rawal akaja 2013, akastaafu 2016, na Mwilu akachukua nafasi yake mwaka huo huo. Kwa hiyo muda wote huo hesabu ilikuwa 1 au 2. Watatu hawakupatikana hadi Koome alipoapishwa: Koome, Mwilu na Ndung'u. Sharti la Katiba lilichukua miaka 10 kutimia katika mahakama ambayo kazi yake ni kuitafsiri Katiba hiyo. Bunge nalo hata hapo halijafika. Ndiyo maana Septemba 2020 Maraga alimshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa.

Shikamooni wahariri. Kwa nini Tanzania hatujapata Jaji Mkuu mwanamke, ilhali majaji wanawake tunao tangu zamani? (Mama wa wanafunzi wawili wa sheria, Morogoro)

Marahaba, mama. Ni kweli tunao. Julie Manning aliketi Mahakama Kuu tangu miaka ya 1970, kisha akawa Waziri wa Sheria. Eusebia Munuo akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Rufani, na kati ya 2010 na 2012 aliongoza chama cha kimataifa cha majaji wanawake. Tatizo si vipaji.

Kwanza, namna ya kuteua ni nyingine. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais kwa Ibara ya 118. Majaji wengine wa Rufani, Rais huwateua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Majaji wa Mahakama Kuu, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa kiti cha Jaji Mkuu hakuna tangazo la nafasi wala usaili wa hadharani, kwa hiyo mwanamke mwenye sifa hana pa kupeleka maombi. Anategemea kuonekana na wachache walio karibu na uteuzi. Wajumbe wa tume ni Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Jaji wa Rufani mmoja, Jaji Kiongozi na wawili wanaoteuliwa na Rais. Jinsia yao haikutajwa.

Pili, na hili watu hulipita haraka, ni umri. Jaji wa Mahakama Kuu Tanzania hustaafu akiwa na miaka 60, Jaji wa Rufani 65, isipokuwa Rais amwongezee muda kwa manufaa ya umma. Kenya wote ni 70. Chukua wanawake wawili walioteuliwa Mahakama Kuu wakiwa na miaka 53. Wa Kenya ana miaka 17 mbele yake. Wa Tanzania ana 7, na ndani ya hiyo 7 lazima apandishwe Rufani au aondoke. Akipandishwa akiwa na 58, amebakiwa na 7 mingine ya kufikiriwa kwa ujaji mkuu, kiti ambacho hakiachwi wazi kila mwaka.

Umri huo unawabana wanaume pia. Lakini aliyechelewa kuanza kwa sababu ya kulea, au aliyekataa uhamisho wa kwenda kituo cha mbali watoto wakiwa wadogo, huipoteza miaka yake huku juu, mahali ambapo mwaka mmoja una thamani ya mitano ya chini. Likizo ya uzazi yenyewe, siku 84 kisheria, haimpunguzii mtu uzoefu. Kinachomchelewesha ni kituo alichokikosa na kesi kubwa zilizokwenda kwa mwingine.

Waambie wanao: Katiba inataka sifa za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10 ili mtu awe Jaji wa Mahakama Kuu. Rais anaweza kulitengua sharti hilo baada ya kushauriana na Tume, lakini wasiitegemee njia hiyo.

Koome atakaa miaka 10? (Ujumbe mfupi, Eldoret)

Hapana. Jaji Mkuu wa Kenya hukaa miaka 10 au hadi afike 70, kinachotangulia. Alizaliwa Juni 1960, basi ni Juni 2030. Wanaodhani umri unaweza kujadiliwa wasome kesi ya Rawal: aliajiriwa chini ya katiba ya zamani iliyoruhusu miaka 74, akadai abaki nayo, akashindwa Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa Mei 2016, na Juni akaondoka.

Niko Kidato cha Nne. Nataka kuwa jaji. Ni lazima nianze kama hakimu? (Binti, Meru)

Si lazima, binti yetu. Watazame watatu wa Mahakama ya Juu. Koome alimaliza shahada Chuo Kikuu cha Nairobi 1986, akafanya uwakili na utetezi wa haki za wanawake miaka mingi, akaingia Mahakama Kuu 2003, Rufaa 2012, ujaji mkuu 2021. Mwilu naye alitoka kwenye uwakili na kazi za sheria katika makampuni. Ndung'u alikuwa mbunge wa kuteuliwa, akaupitisha mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mwaka 2011 akaenda Mahakama ya Juu moja kwa moja. Ngazi ya uhakimu aliipanda Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya, 1982.

Kwako sasa: shahada ya sheria miaka 4, kisha mafunzo ya uwakili yenye masomo 9 ya mtihani na miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Hapo kwenye masomo 9 ndipo wengi hukwama, hasa waliokariri vifungu bila kujifunza kuandika hati. Baada ya kuapishwa kuwa wakili, hesabu miaka 10 kwa Mahakama Kuu au Rufaa, 15 kwa Mahakama ya Juu. Tunza nakala ya kila maandishi ya kisheria unayojivunia. Siku ya kuomba utaulizwa.

Je, mwanamke anaweza kuwa Kadhi? (Msomaji, Lamu)

Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya kinataka Kadhi awe Muislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu unaoiridhisha tume. Jinsia hakikuitaja. Walioteuliwa hadi sasa ni wanaume, na wanazuoni wa pwani hawakubaliani juu ya jambo hili. Kwingine limeshafanyika: Palestina ilimteua Kholoud al-Faqih kuwa hakimu wa mahakama ya sharia mwaka 2009.

Hakimu aliyenichelewesha hukumu miaka, nasikia anaomba ujaji. Ni mwanamke, na naogopa nitaonekana napinga wanawake. (Jina limehifadhiwa, Kenya)

Andika. Tume inapochapisha majina ya walioitwa kuhojiwa huwaomba wananchi taarifa kwa maandishi na huweka tarehe ya mwisho. Barua ikifika baada ya hapo haina kazi. Taja namba ya kesi, kituo, tarehe kesi ilipomalizika kusikilizwa, kila tarehe hukumu ilipoahirishwa, na ambatisha nakala za mwenendo wa kesi. Usilalamikie matokeo ya hukumu. Hiyo ni kazi ya rufaa, na barua za namna hiyo huwekwa kando. Ukurasa mmoja unatosha. Wasomaji wa Tanzania wenye lalamiko kama hili dhidi ya hakimu hawana haja ya kusubiri uteuzi: kuna kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, ya mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa, na ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, kwa mahakimu wa mahakama za mwanzo.