Nairobi hadi New York: saa ngapi hewani?

Ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani? (Mama, Nakuru)

Kilomita kama 11,800 ukipima njia fupi kabisa. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018: kwenda saa 15 hivi, kurudi 14. Ukipitia Doha ni saa tano hadi hapo, ungoje, kisha kama saa 14 nyingine hewani.

Mbona kurudi ni haraka? Njia si ile ile? (Mwanafunzi, Lamu)

Wewe wa Lamu ndiye wa kuniuliza hilo? Muulize nahodha yeyote wa jahazi. Kule juu, kilomita kama kumi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda ni upepo wa mbisho. Ukirudi unakusukuma mgongoni.

Kwenye skrini ya ndege mstari wa safari umepinda. Rubani anazunguka? (Msomaji, Thika)

Hapana. Chukua mpira wenye ramani ya dunia, na uzi, uvute uzi ukazike kutoka Nairobi hadi New York: utapita Sahara, Algeria na Morocco, halafu Atlantiki. Ukiichora njia hiyo fupi kwenye ramani ya karatasi, inapinda. Kuzunguka kwa kweli kupo lakini: anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023 kwa sababu ya vita, ndege zililazimika kuikwepa.

Tiketi ya mama inasema kuondoka 23:25, kufika 06:25. Saa saba tu? (Binti, Kisumu)

Laiti! Kila mji huandikiwa saa zake. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane (majira ya joto, saba). Saba jumlisha nane, ndiyo 15 zako. Mama akitua saa 12:25 asubuhi, huku kwenu ni saa 8:25 mchana, kwa hiyo msianze kumpigia simu alfajiri.

Tiketi yangu ni Jumanne, 00:40. Niende uwanjani lini? (Mzee, Voi)

Jumatatu jioni, mzee wangu. Hiyo ni saa 6:40 usiku wa kuamkia Jumanne. Usicheke, binamu yangu alifika Jumanne saa tatu usiku, suti mpya, sanduku limefungwa kamba ya katani, ndani unga wa wimbi na majani ya chai. Kijana wa kaunta aliitazama tiketi, akaitazama tena, akasema polepole, "Mzee, hii ilikuwa ya jana usiku." Tulirudi nyumbani kimya, sanduku magotini.

Siku aliyopata tiketi nyingine alikuwa uwanjani tangu saa nane mchana.