Barua kwa mwanangu: uuguzi wako ukimfuata mumeo ubalozini

Mwanangu Zawadi,

Umeniuliza: mumeo amepangiwa ubalozi wetu Berlin, kwa cheo cha kidiplomasia cha Katibu wa Pili, je, utaendelea na uuguzi au utakaa nyumbani miaka yote hiyo? Unaweza kufanya kazi, mama, ila usianzie hospitali.

Ibara ya 42 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, inamkataza mumeo kufanya kazi au biashara ya faida binafsi huko. Wewe haikutaji, lakini unaingia Ujerumani kama mwanafamilia wa ubalozi, kwa hiyo ruhusa yako inapitia ubalozini. Kabla hamjafunga mizigo, ulizeni Wizara ya Mambo ya Nje kama nchi hizi mbili zina makubaliano ya ajira kwa wenza wa wanadiplomasia. Kama hayapo, ubalozi ukuombee ruhusa kwa Wajerumani kwa maandishi. Mpaka jibu lije, usishike hata zamu moja.

Kwenye kinga ya kutoshtakiwa huko ndiko wengi wanakokosea. Ibara ya 37 inakupa kinga kama ya mumeo, lakini kinga hiyo, kwa ibara ya 31, haigusi madai yanayotokana na kazi yako binafsi. Ukikosea dozi mgonjwa akadhurika, ndugu zake wakifungua kesi ya madai, pasipoti ya kidiplomasia haitakukinga. Kata bima ya kitaaluma. Na mshahara utakatwa kodi ya huko, maana ibara ya 34 haisamehi kipato binafsi kinachopatikana nchini humo.

Kitakachokula muda ni leseni ya uuguzi ya huko. Wajerumani watalinganisha masomo yako na yao, saa za darasani na saa za wodini, somo kwa somo. Matokeo ya vyuo vyetu mara nyingi yanaonyesha alama tu, na hapo ndipo majalada hukwama. Nenda chuoni kwako ukaombe barua yenye saa za kila somo, imegongwa muhuri. Ukionekana una upungufu watakupa mafunzo ya kuziba pengo au mtihani. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Lugha wanayotaka kwa kawaida ni Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kati cha juu, nacho hakipatikani kwa miezi miwili. Anza darasa wiki hii, hata kabla ya viza.

Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ihuishe, uchukue na barua ya kuthibitisha kwamba huna shauri la nidhamu. Kazini omba likizo bila malipo kwa maandishi, wala usijiuzulu kabla hujajibiwa. Uliza pia michango yako ya pensheni itakuwaje mshahara ukisimama.

Mumeo akimaliza muda wake, hadhi yako inakwisha pamoja na yake. Mwajiri wa huko umweleze hilo siku ya usaili, na mwezi umtajie.

Ukipata ile barua ya saa za masomo nitumie nakala, niipitie kabla haijakwenda kwa mtafsiri.

Mama yako