Punda aliyezeeka: nimuuze kwa ajili ya ngozi, nimwache mtaani, au niendelee kumlisha?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Mimi ni mkazi wa Lamu, riziki yangu ni punda. Nabeba mchanga, mawe na simiti kutoka gatini hadi penye ujenzi. Nina kihongwe mmoja aliyenitumikia miaka mingi. Sasa amezeeka, mguu wa nyuma anachechemea, na mgongoni ana kidonda kisichokauka cha shogi, ule mfuko wa mizigo anaowekewa. Kazi haiwezi kama zamani, lakini chakula anataka kilekile. Amekuja mtu kutoka bara, anataka kumnunua akachinjwe ngozi yake iuzwe nje. Jirani ananiambia nimwachie mtaani ajitafutie, eti mnyama hana kesi mbele ya Mungu. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Nianze na neno la jirani yako, maana limenishtua kuliko hata la mnunuzi. Mnyama ana kesi. Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra amepokea kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, mpaka kondoo asiye na pembe alipiziwe kwa yule mwenye pembe. Ikiwa kondoo watalipana wao kwa wao, wewe na mimi tuliopewa akili, na fimbo tumeishika mkononi, tutasemaje? Mwenyezi Mungu ametutajia punda kwa jina katika Surat An-Nahl, aya ya 8, pamoja na farasi na nyumbu, kwamba ametuumbia tuwapande na wawe pambo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimpanda punda aliyeitwa Ufayr, na Muadh bin Jabal akiwa nyuma yake. Na alipompita punda aliyechomwa alama usoni, alisema Mwenyezi Mungu amemlaani aliyemchoma.

Sasa tuje kwenye kumwachia. Hadithi ya mwanamke na paka unaijua, imo katika Bukhari na Muslim. Watu huisimulia nusu. Mwanamke yule aliingia motoni kwa sababu hakumlisha paka, wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Kwa hiyo kumwachia mnyama kunafaa pale tu palipo na cha kula. Mafakihi wetu wa Kishafi wamesema hivyo: mwenye mnyama anaweza kumwachia malishoni iwapo malisho yanamtosha, na yasipomtosha lazima aongeze mwenyewe. Je, katika vichochoro vya mji wako kuna malisho gani? Punda aliyeachwa hapo hula maganda na makaratasi ya plastiki, na plastiki humziba tumbo akafa kwa maumivu. Aliye mzima bado hupata shida, sembuse anayechechemea. Hilo halikuvui dhima.

Kuhusu kumuuza: katika madhehebu yetu jawabu liko wazi, na Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, amelitaja katika kitabu chake Al-Majmuu karibu kama vile alikuwa amesimama mlangoni kwako. Anasema haijuzu kumchinja mnyama asiyeliwa ili kuchukua ngozi yake, na anatoa mfano wa punda mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na nyumbu aliyevunjika. Nyama ya punda wa kufugwa tumekatazwa tangu siku ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, basi kuchinja huko hakumhalalishi kuliwa. Sikufichi kwamba Imam Abu Hanifa aliruhusu kumchinja kwa ajili ya ngozi. Lakini wewe umeniuliza kwa madhehebu ya pwani yetu, na mnunuzi amekutamkia kusudi lake. Ukimuuzia huku unajua, umekuwa kama aliyemuuzia mtu zabibu huku akijua kwamba atazitengenezea mvinyo. Tena fikiria safari yenyewe: mnyama wa mguu mbovu apakiwe chomboni, kisha lorini, hadi machinjioni. Viongozi wa Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa wa Februari 2024, waliafikiana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, kwa kuwa punda wanamalizika na wanyonge wanaowategemea wanabaki mikono mitupu.

Limebaki la kumlisha, na hili ndilo wajibu wako. Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alianza na hii: awape matumizi yanayowastahiki, hata kama wameugua au wamezeeka kiasi cha kutokuwa na faida tena. Hebu lirudie neno hilo. Haki ya chakula haikufungwa na kazi. Na Minhaj, kitabu kinachosomeshwa misikitini kwetu, kinasema mwenye mnyama akikataa kumlisha hulazimishwa: kama ni wa kuliwa, amuuze, amlishe au amchinje, kama si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Kumuuza hapo ni kwa mtu atakayemtunza. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamhesabu mkosaji anayembebesha mnyama kupita kiasi au kumtesa.

Najua utaniambia, "Shekhe, watoto wangu nao wanakula." Ni kweli, na dini haikukalifishi usichokiweza. Usipokuwa na kitu kabisa, matumizi yake yanakuwa juu ya Baitul-mal, yaani hazina ya Waislamu, na isipokuwapo, juu ya Waislamu waliokuzunguka. Basi usione haya kuwaambia jamaa wa msikitini. Ukimpata mwenye shamba na majani upande wa bara, anayeaminika, mpe au muuzie kwa sharti la kumtunza. Na kabla ya yote mpeleke kwenye kliniki ya punda hapo Lamu. Ipo tangu 1987 na hutibu bila malipo. Huenda mguu unatibika nawe umekwisha kumkatia tamaa. Madaktari wakisema hapana tiba na yuko katika mateso, niandikie tena, kwa sababu kumwua ili apumzike kuna khilafu ya wanachuoni na nataka nijue hali yake kwanza.

Hukunieleza kama bado anabeba. Umesema kazi "haiwezi kama zamani," na neno hilo limenitia wasiwasi. Kama bado unamwekea hata nusu ya mzigo juu ya kidonda, hiyo ni haramu leo, na kila kijana unayemtuma kumwendesha anafanya kwa jina lako. Anas bin Malik amesimulia kwamba Masahaba walipofika kituoni hawakuswali sunna mpaka wamewatua wanyama wao mizigo. Ukimaliza kusoma haya, nenda ukamvue shogi.

Wallahu a'lam.