Bata mzinga kwa watoto wa awali: anza na miguu

Mwalimu uliyeuliza utamfundishaje bata mzinga kwa watoto ambao hawajawahi kumuona, mi hii kitu nimeifanya mara tatu hapa Tanga, watoto wa miaka minne mitano, na cha kwanza nakwambia usianze na picha ya kupaka rangi. Mwaka wa kwanza nilianza nayo, wakapaka weee, nikauliza huyu nani, "bataaa", anapenda kukaa wapi, "majiniii". Kwisha habari, jina lishawaponza.

Siku hizi naanza na miguu. Kuna jirani yangu Makorora anafuga, namuazima bata mzinga, bata wa kawaida naye sikosi, na kuku wa kwangu mwenyewe. Tunakoroga tope kwenye beseni, kila mmoja anachovywa miguu halafu anatembezwa kwenye sakafu ya saruji pale barazani. Bata wa kawaida anaacha alama yenye ngozi katikati ya vidole, wale wawili vidole vitupu. Sisemi kitu. Wanainama, wanabishana, mpaka mmoja anaropoka "mwalimu huyu si bata, huyu kuku mkubwa!" Na kweli, bata mzinga ni jamaa wa kuku na kanga, ubata wake ni wa jina tu.

Ukiweza chukua dume, jike limepoa mno kwa watoto. Ila ujiandae. Dume letu liliingia darasani limenyamaza kimya, watoto wakasimama kama kawaida yao, "Shikamooo mwalimuuu", na lenyewe likarudishia hapo hapo golo golo golo golo! Darasa zima likakimbilia ukutani, wawili wakalia. Kumbe madume ndo yalivyo, yakisikia kelele kubwa ya ghafla yanajibu. Baada ya dakika kumi hofu ikawa mchezo, wakaamkia mara ishirini wapate kujibiwa, mpaka mama mmoja akaja kesho yake kuniuliza mwanangu kila nikimwambia amkia wageni anasema golo golo, mnawafundisha nini huko jamani 😂

Wakishatulia waambie waangalie kichwa tu. Hakina manyoya, na dume likipandisha mori ngozi inabadilika, nyekundu, bluu, mpaka nyeupe, na kile kinyama cha juu ya mdomo kinarefuka mpaka kinaupita mdomo. Tulikuwa na kadi tatu za rangi, mtoto ananyanyua ile anayoiona, basi rangi wamejifunza bila mimi kuchoka.

Ile ya kuchora kiganja dole gumba liwe kichwa, Wamarekani wanaipenda sana mwezi wa Novemba kwenye sikukuu yao ya Shukrani, ni sawa, lakini mi naona mkia wa majani unanoga zaidi. Miti ya mikungu ikipukutisha, majani yanakuwa mekundu na ya njano, yanaokotwa bure, unabandika kwenye manila kwa gundi ya unga wa ngano. Gundi pika ya ziada, wanailamba.

Sasa kitu ambacho sitaki ukikose ni mayai. Tulimuwekea kuku wangu mayai manane ya bata mzinga, yale yenye madoa ya kahawia, na kila asubuhi mtoto mmoja anatia kokoto moja kwenye kopo. Kuku wake mwenyewe anaatamia siku 21, haya yanataka 28, wala hakusumbuka, alikaa tu. Utamu ulikuwa Jumatatu, maana Jumamosi na Jumapili hatukuwepo, basi kokoto ni ngapi leo? Mabishano hayo mpaka wafikie kokoto tatu yalinifaa kuliko hesabu zangu zote za ubaoni. Mikono wanawe kwa sabuni kabla ya uji, hapo usilegeze.

Zikipita siku saba ongeza mayai mawili ya kuku ili waanguliwe pamoja. Kifaranga wa bata mzinga ni mzito kujua kula, anaweza kusimama juu ya chakula akashinda na njaa, kifaranga wa kuku akianza kudonoa ndo anaiga. Watoto walikaa chini wakamtazama mmoja anachungulia mwenzie anavyodonoa, anadonoa hewa, anachungulia tena, na binti mmoja mkimya kabisa, ambaye tangu Januari alikuwa anatazamia kwa wenzie kila kitu, akasema polepole, "ataweza huyo, muacheni aangalie."