Kabla ya Kununua Mafuta ya Kuotesha Nywele

Msusi wangu ndiye aliyeliona kwanza. Alijaribu mara mbili kukamata nywele za pembeni mwa paji la uso ili aanzishe rasta, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hapa mbele hapashiki, nitaanzia nyuma kidogo." Nikamkubalia. Mwaka mzima uliofuata tuliendelea kuanzia nyuma kidogo, kila safari nyuma zaidi ya safari iliyopita, huku nikimaliza fedha kwa mafuta ya mnyonyo, ya nazi, ya nazi yenye karafuu, na hatimaye maji ya vitunguu, ambayo faida yake pekee ilikuwa kunipatia nafasi ya kutosha kwenye daladala.

Tangu nywele zangu zianze kurudi, ninaulizwa mara kwa mara ni mafuta gani yanaotesha. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: nywele zako zinakatika au zinanyonyoka, na zinapungukia sehemu gani ya kichwa?

Jambo hilo unaweza kulichunguza nyumbani. Chukua unywele uliobaki kwenye chanuo, uuweke juu ya kitambaa cheusi mahali penye mwanga. Ukiona kijinundu cheupe kwenye ncha moja, unywele huo umetoka na mzizi wake. Usipokiona, na urefu wake ni mfupi kuliko nywele nyingine, umekatika njiani. Nywele hukatika kwa ukavu, kwa joto la pasi na kwa dawa ya kulainisha, na hapo mafuta husaidia kweli kwa kuwa hupunguza msuguano. Kunyonyoka ni habari ya ngozi na mwili, na mafuta ya kupaka hayatibu kinachosumbua huko.

Hata hivyo, si kila kunyonyoka ni ugonjwa. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha hudondoka na kuupisha mwingine, hivyo mtu mzima mwenye afya njema hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyesukwa kwa wiki sita akifumua hushtuka kuona bonge la nywele mkononi, kumbe nyingi zilikwisha kung'oka siku nyingi zikakosa pa kudondokea. Kwa mzunguko huohuo, homa kali, upasuaji au uzazi huonekana kichwani baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwenyewe amekwisha kusahau. Mdogo wangu alianza kunyonyoka mtoto wake alipofikisha miezi mitatu. Akailaumu shampuu, akanunua nyingine, nywele zikaacha kutoka, na mpaka leo anaisifu ile ya pili, ingawa zingeacha hata kama angeosha kwa maji matupu.

Kunyonyoka kwangu hakukuwa kwa aina hiyo. Daktari wa ngozi hakuniuliza ninapaka nini. Aliniuliza kama kichwa huniuma baada ya kusuka. Nilicheka, kwa maana nani asiyeumwa? Nilikwisha kuzoea kumeza panadoli mbili usiku wa kwanza na kulala kifudifudi, na vile vipele vyenye usaha kando ya mistari nilikuwa nikiviita vipele vya joto. Akanigeuza kuelekea dirishani, akapiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akanionyesha: ukingoni kabisa mwa paji palibaki mstari wa vinywele vyembamba, na nyuma yake ukanda mtupu. Vinywele hivyo hupona kwa sababu ni vifupi mno, mkono wa msusi hauvipati. Nywele za nyuma yake zilivutwa miaka mingi hadi vifuko vinavyozishikilia chini ya ngozi vikavimba, na uvimbe ukidumu, kifuko hugeuka kovu.

Tatizo hili si la nywele za Kiafrika peke yake, maana lilielezwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza. Lakini kwetu limeenea. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town uliwakuta nalo takribani theluthi moja ya wanawake waliopimwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zilipovutwa kwa kusukwa. Mimi nilikuwa nikitia dawa Ijumaa na kusuka Jumamosi.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuacha: miezi sita bila rasta, bila wigi la gundi, bila kilemba cha kukaza. Ya pili ilikuwa minoksidili ya kupaka, dawa ambayo asili yake ni vidonge vya shinikizo la damu, na ambayo haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Wiki za mwanzo inaweza kuongeza kunyonyoka, na wengi huitupa hapo. Kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi, kioo cha kila asubuhi kitakukatisha tamaa. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali palepale. Yangu ya mwezi wa nne ndiyo ya kwanza iliyoonyesha kitu, manyoya kama ya kifaranga.

Wewe huenda una tatizo jingine. Mabaka ya duara yaliyo laini hutokana na kinga ya mwili kushambulia nywele. Jaribio dogo la maji ya vitunguu lililofanyika Iraki mwaka 2002 lilihusu ugonjwa huo, si wangu. Mapunye ya watoto huhitaji vidonge. Kupungua kichwa kizima kunastahili kupimwa damu, hasa madini ya chuma na tezi ya thairoidi. Upara wa utosini unaowasha au kuwaka moto huku ukipanuka usiusubirishe hata mwezi, kwa sababu huenda kovu linatengenezwa.

Siku hizi ninasuka mistari minene, siruhusu iguse ukingo wa paji, na nikisikia maumivu nikiwa bado kwenye kiti ninaomba ifumuliwe hapohapo, msusi anune asinune. Upande wa kulia umejaa. Kushoto, juu ya sikio, pamebaki sehemu yenye upana wa kidole gumba. Daktari aliipapasa, akasema ngozi imeshakuwa nyororo na matundu yamefungika, kwa hiyo hapo nisipoteze dawa.