Geuza santuri: kwa anayeanza kukusanya nyimbo za zamani

Wewe uliyenunua santuri zako za kwanza majuzi, nakuomba jambo moja kabla ya yote: zigeuze. Wengi wanaoanza kuhamishia nyimbo za zamani kwenye kompyuta hurekodi upande wa kwanza wakaishia hapo. Santuri ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 zilipenda nyimbo ndefu, basi wimbo ukakatwa katikati: Sehemu ya 1 huku, Sehemu ya 2 kule. Huku mwimbaji anasimulia kisa chake, kule ndiko kwenye chemko, magitaa yanakimbizana na tarumbeta zinajibu. Ukiuacha upande huo umehifadhi salamu, habari yenyewe hukuisikia.

Nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuazimwa santuri kama arobaini, nikarekodi upande mmoja mmoja kwa haraka, nikazirudisha. Mwenyewe alipohama nyumba zikatupwa. Nyingine sijazipata tena hadi leo, na nimezitafuta kweli.

Pili, soma lebo kwa tochi, herufi ndogo kuliko zote. Chini ya jina la wimbo, mara nyingi ndani ya mabano, kuna jina la mtunzi. Wapo wanaoijua “Helule Helule” kwa sauti za Waingereza, The Tremeloes, walioitoa mwaka 1968, wakadhani ni mali yao. Mtunzi ni Daudi Kabaka wa Kenya, mmoja wa vinara wa twisti ya Nairobi. Aliirekodi Equator Sound, studio ya Nairobi, walikopiga pia Fadhili William na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kwa hiyo usimpe mwanamuziki uraia kwa kuangalia santuri ilichapwa wapi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na kazi za bendi zake nyingi zilichapwa Nairobi. Nakili pia namba zilizochorwa kwenye ile sehemu laini iliyoizunguka lebo. Lebo ikichanika, namba hizo ndizo zitakazokuambia umeshika nini.

Kuosha: maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale ya betri yasiyo na asidi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mifereji. Lebo isilowe. Zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, usiziguse na spiriti kabisa, maana huyeyusha utomvu uliozitengeneza. Ya kwanza niliyoipangusa hivyo iliacha weusi wake kwenye kitambaa, na sauti ikaondoka nao. Hizo zinataka pia sindano yake, nene kuliko ya 45.

Zisimamishe wima, mbali na dirisha la jua.

Ukisharekodi sehemu zote mbili, utatamani kuziunganisha papo hapo. Weka kwanza kila upande kama ulivyo, na mikwaruzo yake, hata pale sauti inapofifia gitaa likiwa katikati ya mstari. Kisha tengeneza faili la tatu, uunganishe humo.